Fedha za Utafiti Zatoka kwa Jasho Letu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)

Ndugu wanachama,

Huenda mtu akauliza: utafiti watuhusu nini sisi watu wa karakana na mashamba? Twajibu: watuhusu sana, kwa kuwa fedha zake zatoka katika kodi yetu.

Mwaka 2013 Kenya ilipata Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu. Sheria hiyo iliunda Mfuko wa Taifa wa Utafiti, na yasema kila mwaka mfuko upewe asilimia 2 ya pato la taifa. Yaani, katika kila shilingi 100 za pato la nchi, 2 ziende kwa utafiti. Hesabu hiyo haijatimizwa. Ndugu, dawa ya deni ni kulipa.

Utafiti una faida. Wataalamu wa chai wa Kericho walikuza mche wenye majani ya zambarau, nao ukatolewa kwa wakulima mwaka 2011. Lakini katika mashamba hayo hayo ya chai tumeona pia mashine za kuchuma zikishika kazi ya mikono ya watu wengi.

Sisi hatupingi mashine. Twapinga kuletewa mashine bila kuulizwa. Basi twadai mambo matatu: sheria itimizwe, fedha za umma zikisaidia kiwanda kujaribu jambo jipya, chama kiitwe kwanza, na mfanyakazi afundishwe kazi mpya kabla ya kuondolewa katika ile ya zamani.

Wajumbe, pelekeni maneno haya katika kila tawi.