Kifaranga wa Sato Ale Nini?

Msikilizaji, tukitaja ufugaji wa samaki Rwanda, macho huelekea kwenye vizimba vya Ziwa Kivu, na kifaranga husahaulika. Sato mchanga akimaliza kiini cha yai alichozaliwa nacho, huhitaji unga laini wenye protini ya asilimia 40 hivi, kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku. Ukizidi, huoza na kumaliza oksijeni majini. Chakula mara nyingi humeza zaidi ya nusu ya gharama za mfugaji, na kinachoagizwa nje huongezewa nauli. Lakini malighafi ya kukitengeneza hapa ipo: soya tunalima, na funza wenye protini wanaweza kufugwa kwa mabaki ya masoko ya Kigali. Serikali na wenye viwanda waanze na chakula cha kifaranga, kwani akidumaa leo, mfugaji hatavuna kesho.