Mchumba Akiona Shaka

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo linalofichwa sana katika nyumba zetu, nalo ni shaka imwingiayo mchumba kabla ya arusi. Posa imepokewa, mahari imetolewa, nguo zimeshonwa, na jamaa wamealikwa; kisha mmoja katika wale wawili asema, "Moyo wangu unasita." Je, mwenzake afanye nini?

Nalisema jambo hili kwa kuwa lilinipata mimi mwenyewe.

Kwetu ni Manyoni, mji wa Reli ya Kati, katika mkoa wa Singida. Nchi yetu ina msimu mmoja tu wa mvua, nao huanza karibu na Desemba na kwisha karibu na Aprili. Kwa hiyo arusi nyingi hungojea mavuno ya mtama na uwele, maana ndipo watu wapatapo chakula cha kuwapa wageni, na nafasi ya kusafiri. Mwaka ule mavuno yalikuwa mema. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, nami nilikuwa nimemposa binti mmoja aliyekuwa mwalimu kama mimi. Baba yangu na mjomba wangu walikuwa wamechanga ng'ombe na mbuzi. Kwa maana kwetu Wagogo mahari si mali ya mtu mmoja. Hutoka mikononi mwa jamaa wengi, upande wa baba na upande wa mama, na huko iendako hugawanywa kwa jamaa wengi vile vile.

Kanisani tulikuwa tumekwisha kutangazwa Jumapili ya kwanza. Siku ya Alhamisi akaja ndugu yake mdogo na barua mkononi. Dada yake hakupenda kuyatia maneno yale katika simu. Yalikuwa machache: "Mwenzangu, sikukuchukia, wala sikumpata mwingine. Lakini nina shaka, nami naogopa kuisema mbele ya watu. Nakuomba tuonane kabla ya Jumapili."

Usiku ule sikupata usingizi. Na niwaambieni kweli, sikufikiri hata mara moja juu ya taabu yake yeye. Nilifikiri juu yangu. Watu watasemaje? Na ng'ombe je? Nani amemharibu moyo? Kulipopambazuka nikaichukua barua ile kwa mjomba wangu, nikitumaini ya kuwa ataondoka saa ile ile kwenda kwao kuwakumbusha habari ya ng'ombe wetu.

Mjomba akanisikiliza hata mwisho. Kisha akaniuliza, "Mwana wa dada yangu, umemwuliza shaka yake ni nini?"

Nikasema, "La, mjomba, sijamwuliza."

Akasema, "Basi umekasirikia nini? Ng'ombe wengi nalitoa mimi, nami sijakasirika. Nenda ukaulize. Na ukiisha kuuliza, unyamaze."

Nikaenda. Tukakaa chini ya mwembe nyumbani kwa shangazi yake. Shangazi mwenyewe alikuwa akichambua mboga karibu na mlango, mahali awezapo kutuona asiweze kutusikia. Nikauliza, nami nikanyamaza kama nilivyoagizwa. Kunyamaza kulikuwa kazi kubwa kuliko kuuliza.

Akasema, "Mama yangu aliolewa na mtu wa reli. Baba alikaa katika stesheni za mbali, mama akaachwa kwa wakwe zake alime. Baba alikuja mara mbili kwa mwaka. Hakuwa mtu mbaya; alileta sukari na nguo. Lakini sisi watoto tulimwamkia kama mgeni. Sasa wewe umeitwa kwenda kusoma chuoni miaka miwili, wala hujaniambia mimi nitakaa wapi. Nami nimesikia kwa watu ya kuwa kwenu jembe langu limekwisha kununuliwa."

Wasikilizaji wangu, jembe lilikuwa limekwisha kununuliwa. Nalilinunua mimi. Nilikuwa nimepatana na mama yangu ya kuwa mke wangu atakaa naye kijijini mpaka nimalize masomo, wala sikuona ya kuwa yafaa kumwuliza mwenyewe. Basi shaka ile niliyoidhani kuwa tusi ilikuwa na sababu, na sababu ile nilikuwa mimi.

Tangu siku hiyo nimewaza sana juu ya jambo hili, tena sasa nafundisha katika chuo cha ualimu, na wanachuo hunijia na habari kama hizo. Nimeona ya kuwa shaka za wachumba ni za namna tatu, na ya kuwa kila namna ina dawa yake. Anayetumia dawa ya moja kwa nyingine huongeza ugonjwa.

Namna ya kwanza ni hofu ya ugeni. Binti ataacha nyumba ya mama yake. Kijana atabeba mzigo ambao hajaubeba bado. Ukimwuliza, "Waogopa nini?" hawezi kutaja neno moja. Akipumzika, akisema na mtu mzima aliyeolewa au kuoa kwa amani, moyo hutulia. Mtu huyu hahitaji hotuba. Ahitaji mwenzake akae karibu naye, asimcheke.

Namna ya pili ni neno lisilosemwa. Ndiyo iliyokuwa yangu. Tutakaa wapi? Nitaendelea na kazi yangu? Una deni gani? Una mtoto mahali pengine? Tutakwenda kupima afya pamoja? Je, utaoa mke wa pili? Swali hili la mwisho si la utoto, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa za aina mbili, ile ya mke mmoja na ile ambayo mume aweza kuoa zaidi. Afadhali mtu ajue mapema anaingia katika ipi. Shaka ya namna hii haiondoki kwa kubembelezwa. Huondoka kwa jibu. Na jibu likiwa gumu, litolewe hivyo hivyo lilivyo gumu. Maana wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Namna ya tatu ni shaka juu ya mtu mwenyewe. Mchumba ameona kofi, au uongo, au ulevi, au ameona ya kuwa yeye mwenyewe halitaki jambo hili bali anasukumwa. Shaka hii haina dawa ya kutuliza, nasi tusiitafute. Namjua mwalimu mmoja mwanamke ambaye mchumba wake alimpiga mbele ya watu, mwezi mmoja kabla ya arusi. Jamaa zake walimwambia, "Akiisha kuoa atabadilika." Yeye akajibu, "Amekwisha kubadilika. Mwanzo hakuwa akipiga." Akakataa. Mahari ikarudishwa kwa taabu nyingi, kwa sababu ng'ombe wawili walikuwa wamekwisha kuzaa, na wazee walikaa barazani siku tatu juu ya ndama wale. Lakini siku tatu za maneno juu ya ndama ni chache kuliko miaka thelathini ya machozi.

Na hapo sheria yasimama upande wa anayesita. Sheria ile ya mwaka 1971 yasema ya kuwa hapana ndoa bila ridhaa ya wote wawili, iliyotolewa kwa hiari. Mtu akikubali kwa kulazimishwa au kwa kudanganywa, hiyo haihesabiwi kuwa ridhaa. Tena sheria hiyo yataka wanaotaka kuoana watoe taarifa siku 21 kabla ya siku ya ndoa, na taarifa hiyo itangazwe, ili mwenye pingamizi aseme. Makanisa yetu nayo hutangaza Jumapili tatu. Twazoea kuzihesabu siku hizo kama siku za kupika na kushona. Lakini ziliwekwa ili neno lililofichika lipate nafasi ya kutoka kabla fundo halijakazwa.

Ama kwa zawadi, sheria hiyo hiyo yampa mtu njia ya kudai mahakamani zawadi aliyoitoa kwa sharti la kuwa ndoa ifungwe, ikiwa ndoa haikufungwa. Na aliyeingia gharama kwa sababu ya ahadi ya ndoa iliyovunjwa aweza kudai fidia. Basi mali ina njia yake ya kurudi. Asiwepo mzazi atakayemwambia mwanawe, "Ng'ombe wamekwisha kuliwa, nenda tu."

Nanyi wanafunzi mnaosoma maneno haya, jueni ya kuwa tangu mwaka 2016 ni kosa kubwa kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Msichana akisukumwa namna hiyo, na amwambie mwalimu wake mapema.

Sasa nirudi kwa yule aliyeambiwa, "Moyo wangu unasita." Nitampa maneno manne tu, yote nimeyalipia.

La kwanza, usilipeleke neno hilo kwa watu wengi kabla ya kulisikia lote. Mtu mmoja mwenye akili yatosha. Mimi nalibahatika kuwa na mjomba. Kama ningalikwenda kwa rafiki zangu, wangalinitia moto.

La pili, uliza, kisha unyamaze. Usijitetee kabla mwenzako hajamaliza. Mara nyingi neno la kwanza atakalolisema silo lenyewe. Lenyewe huja nyuma yake.

La tatu, usiahidi kila kitu kwa sababu ya hofu ya kuachwa. Ahadi ya siku ya hofu ni kama nyumba ya udongo iliyojengwa wakati wa masika. Sema utakaloliweza, ulitende moja papo hapo, naye aone.

La nne, ikiwa siku hazitoshi, ahirisheni arusi. Najua neno hili ni chungu. Sisi tuliahirisha. Nilikwenda mwenyewe kwa mchungaji kumwomba asitutangaze Jumapili ya pili. Watu walisema mengi kisimani na sokoni. Wengine walisema nimerogwa, wengine walisema amepata tajiri wa Dodoma. Mama yangu hakusema nami vizuri muda wa mwezi mzima, kwa kuwa aliona ya kuwa tumemkataa yeye. Ilinipasa kurudi kwake mara tatu, kukaa jikoni mwake na kumweleza ya kuwa hakukataliwa yeye, bali aliyekosa ni mwanawe aliyetoa ahadi isiyo yake. Tukangoja mavuno ya mwaka uliofuata. Katika muda huo tulipatana, mbele ya mjomba wangu na shangazi yake, ya kuwa mwenzangu ataendelea kufundisha, na ya kuwa tutapanga chumba karibu na chuo changu ikiwa atapata uhamisho. Alipoupata, tukafunga ndoa.

Nawe unayesita, nina neno kwako pia. Liseme mapema, na umwambie mwenzako mwenyewe. Usimwachie asikie njiani, wala usimjaribu kwa kununa ili akisie. Sema, "Naogopa hili," ukalitaje. Ikiwa hujui jina lake, sema, "Nipe siku chache nilitafute." Na ikiwa umekwisha kujua moyoni ya kuwa hutaki, usimfiche kwa huruma. Huruma ya namna hiyo humwachia mwenzako aibu kubwa zaidi, maana ataipata mbele ya wageni.

Ninyi wazazi wetu, tunawaheshimu, na bila ninyi hatuna arusi. Tunawaomba neno moja. Mtoto akija kusema, "Nina shaka," msimwulize kwanza, "Watu watasemaje?" Mwulizeni, "Shaka ya nini?" Watu watasema juma moja au mawili, kisha watapata habari nyingine. Yeye atakaa katika nyumba ile siku zote.

Shaka ya mchumba ni kama mgeni abishaye hodi usiku. Ukimfukuza bila kuuliza, hujui kama umemfukuza mwivi au ndugu aliyekuja kukuambia ya kuwa paa lako linawaka. Kuuliza si ujinga, wala kuulizwa si aibu.

Labda mwataka kujua habari ya lile jembe. Tunalo hata leo, na mpini wake umekwisha kubadilishwa mara mbili. Mvua za kwanza zikinyesha mimi hulichukua na kwenda bustanini, na mke wangu, akitoka shuleni, huja kunifuata na la kwake, ambalo alilinunua mwenyewe.