Dalili ya Mvua ni Mawingu

(Hotuba hii ilisomwa na mwanachama mmoja, mfanyakazi wa reli, katika mkutano wa tawi. Imepigwa chapa hapa kwa ombi la wanachama waliokuwa kazini siku ile.)



Nimeombwa niseme machache juu ya maradhi yanayoenea nchi nzima, na kama mtu aweza kujua mapema yatapita wapi na yatafanya nini. Mimi si daktari. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, kisha reli ndiyo iliyonifundisha. Lakini jambo hili ni la safari na hesabu, na mambo hayo mawili sisi watu wa reli twayajua.

Kwanza, ndugu zangu, tuelewane juu ya neno "kutabiri". Wako wanaofikiri kwamba mtaalamu anayetabiri ugonjwa ni kama mpiga ramli. Sivyo. Yeye ni kama stesheni masta. Stesheni masta wa Voi akipiga simu kwamba gari limeondoka, mwenzake wa mbele hahitaji ramli kujua kwamba linakuja. Anajua njia, anajua mwendo, anajua mlima uko wapi. Asilolijua ni kama ng'ombe atasimama relini, au kama mvua imekula tuta. Basi hulitazamia gari saa fulani, na habari nyingine ikija, huibadili ile saa. Huo ndio utabiri wa hesabu.

Sasa tutazame njia yenyewe. Mwezi wa Septemba 1918, wakati nchi yetu ilikuwa bado ikiitwa Himaya ya Afrika Mashariki, homa kali ya mafua iliingia Mombasa kwa meli. Kutoka bandarini ilipanda bara kwa njia ile ile waliyopita watu, nayo ilikuwa reli. Reli hiyo ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwaka 1901. Wapagazi wa vita walikuwa wakirudi makwao wamechoka na wengi wagonjwa. Homa ilishuka nao stesheni, ikaenda nao kwa miguu mpaka vijijini. Maelfu na maelfu ya watu walikufa. Ugonjwa haukuwa na miguu. Watu ndio waliokuwa miguu yake.

Miaka 102 baadaye ukaja ugonjwa wa korona. Mgonjwa wa kwanza katika Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Safari hii mlango ulikuwa uwanja wa ndege. Lakini ulipokwisha kuingia, ulikwenda wapi? Wataalamu wa KEMRI huko Kilifi walipima damu ya watu 3,098 waliojitolea damu tangu mwisho wa Aprili mpaka katikati ya Juni 2020. Walitafuta alama ambayo ugonjwa huacha katika damu hata kama mtu hakujua kwamba ameugua. Miji iliyokuwa na alama nyingi zaidi ni hii: Mombasa, watu 8 katika kila 100, Nairobi, 7 na kidogo, Kisumu, 5 na nusu. Ndugu zangu, someni tena majina hayo kwa mfuatano wake. Mombasa, Nairobi, Kisumu. Hiyo ni ratiba ya gari la moshi la zamani. Njia ya ugonjwa haikuwa siri mwaka 1918, wala haikuwa siri mwaka 2020.

Pili, nitasema juu ya hesabu. Mwaka 1927 wataalamu wawili wa Scotland, Kermack na McKendrick, waliandika hesabu ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa kazi hii. Mimi naifahamu hivi. Fikirini yadi yenye reli tatu. Reli ya kwanza ina mabehewa ya watu ambao hawajaugua. Ya pili ina wagonjwa. Ya tatu ina waliokwisha pona au kufa. Kila siku mabehewa fulani hutolewa reli ya kwanza yakaingia ya pili, na mengine hutoka ya pili yakaingia ya tatu. Kazi ya mwenye hesabu ni kujua mwendo wa kuyahamisha.

Mgonjwa mmoja akiambukiza wawili, na kila mmoja wao akaambukiza wawili, basi ni 1, 2, 4, 8, na kwa hatua ya kumi ni 1,024. Lakini kila mgonjwa akiambukiza mmoja tu, hatua ya kumi bado ni mmoja. Akiambukiza chini ya mmoja, moto unazimika. Tofauti kati ya msiba na nafuu ni hiyo namba ndogo, nayo haikuandikwa mbinguni. Hubadilika kwa sabuni, kwa nafasi ya kulala, kwa mtu kuweza au kutoweza kubaki nyumbani.

Ndiyo maana utabiri hukosea. Mwisho wa Machi 2020 Wizara ya Afya ilisema huenda wagonjwa wakafika 10,000 mwisho wa Aprili. Aprili ilipokwisha, waliohesabiwa hawakufika 400. Watu wakacheka, wakasema, "Wametutisha bure." Mimi nasema tusicheke upesi, maana kuna mambo matatu.

Jambo moja, onyo lilisikiwa. Amri ya kutotoka usiku ilianza tarehe 27 Machi. Mapema mwezi wa Aprili safari za kuingia na kutoka Nairobi zikafungwa, kisha Mombasa, Kilifi na Kwale, na gari la abiria likasimama. Ukimwambia dereva kuna shimo mbele naye akafunga breki, usimwite mwongo kwa sababu gari halikuanguka.

Jambo la pili, watu wetu wengi ni vijana, na korona ilikuwa kali zaidi kwa wazee. Homa ya 1918 ilifanya kinyume, ikawaua sana watu wenye nguvu zao. Basi anayetabiri kwa kuutazama ugonjwa wa jana peke yake atakosa.

Jambo la tatu ndilo linalotuhusu sisi hasa: hesabu ya wagonjwa haikuwa hesabu kamili. Mpaka mwisho wa Julai 2020 walioandikwa nchi nzima walikuwa 20,636, na waliokufa 341. Lakini ile damu ilionyesha kwamba kiasi cha watu 4 katika kila 100 walikuwa wamekwisha kuambukizwa tangu katikati ya mwaka. Kwa watu wazima peke yao hao ni zaidi ya milioni moja. Hao wengine wote walikuwa wapi katika vitabu? Hawakuwamo.

Na mimi naweza kuwaambia walikuwa wapi, kwa sababu nilifanya kazi nao. Mwaka ule nilikuwa katika yadi moja ambayo sitaitaja. Gari la abiria lilisimama, lakini la mizigo halikusimama, nasi tulikuwa kazini usiku na mchana. Kijana mmoja, kibarua wa kutwa, alikuja kazini akikohoa siku tatu. Tulimwambia, "Ndugu, rudi nyumbani." Akajibu, "Nikirudi nyumbani, watoto watakula nini? Asiyeandikwa leo halipwi leo." Alisema kweli. Daftari la zamu likamwandika: yupo, mzima. Wiki ile ile tukaugua wanne. Mzee wetu mmoja wa pointi, aliyebakiza miezi michache astaafu, alichukuliwa na wanawe kwenda hospitali, naye hakurudi. Hakuna hata mmoja wetu aliyepimwa. Katika hesabu ya nchi, yadi yetu haikuugua.

Simlaumu yule kijana. Nalilaumu lile daftari, na desturi ile iliyomfanya kila mtu aseme uongo ili apate posho. Mtaalamu aliyeketi mbali na hesabu zake atatabiri nini, kama anapewa daftari linalosema wote ni wazima?

Tena wataalamu wenyewe walikuja kuliona jambo hili. Mwaka 2021 wale wa Kilifi pamoja na wenzao walieleza mawimbi ya kwanza ya korona katika Kenya. Walisema wimbi la kwanza lilipita zaidi kwa watu wa kipato cha chini, ambao hawakuweza kupunguza kutembea na kukutana. Wimbi la pili lilikuja wakati wale wenye uwezo, waliokuwa wamekaa majumbani, walipoanza kutoka tena. Sikieni basi: ukitaka kujua ugonjwa utakwendaje katika nchi, haitoshi kuuliza ni ugonjwa gani. Uliza ni nani anayeweza kukaa nyumbani siku kumi bila kulala njaa. Asiyeweza, ndiye atakayeugua kwanza. Hilo ni jambo la mishahara na masharti ya kazi, na mishahara na masharti ya kazi ndiyo shughuli ya chama.

Lakini tusifikiri kwamba kwa kuwa tunajua njia, basi tunajua yote. Mwezi wa Mei 2021 namna mpya ya korona, iitwayo Delta, ilionekana Kisumu. Mwezi wa Juni kaunti 13 za upande wa ziwa na magharibi ziliwekewa amri ya kutotoka kuanzia saa moja ya usiku. Waliokuwa wakitazama Mombasa na Nairobi peke yake walishangaa, maana gari hili lilikuja kutoka upande wa pili wa reli. Kwa hiyo kila stesheni ina haja ya mtu wa kutazama.

Sasa, ndugu Mwenyekiti, sikuja kueleza tu. Napendekeza mambo manne.

Moja: kila sehemu ya kazi iwe na mwanachama mmoja wa kuandika kila siku ni wangapi hawakuja kwa ugonjwa, bila kuandika majina, na hesabu hiyo iletwe tawini kila wiki. Hesabu ikipanda ghafula, tutaona wingu kabla ya mvua.

Mbili: tumwombe mwajiri, na akikataa tumdai, kwamba mgonjwa alipwe akiwa nyumbani, na kibarua naye asiachwe nje. Mjue kwamba hii si sadaka. Siku tatu za malipo ya yule kijana zingekuwa nafuu kuliko wiki nzima ya watu wanne, na mzee wetu huenda angekuwa hapa leo.

Tatu: maji na sabuni viwepo katika kila stesheni, yadi na chumba cha kupumzikia, wakati wa heri pia, si wakati wa hofu tu.

Nne: ugonjwa mwingine ukija, wakuu wakikutana kufanya makisio yao, watu wa reli, wa malori na wa bandari waitwe waseme. Mei 2020 madereva wa malori walingoja siku nyingi Malaba ili wapimwe, wakalala katika magari yao, na watu wakawaogopa kama wao ndio ugonjwa. Kama wangeulizwa mapema, wangeeleza foleni ile itakuwaje.

Wenzangu, ugonjwa mwingine utakuja. Siwezi kusema mwaka gani, wala utaua wangapi. Lakini najua utapita bandarini, uwanja wa ndege na mpakani, utafuata njia kubwa, na utatushukia sisi kabla ya wengine, kwa sababu sisi ndio tuliomo njiani. Tusingoje kuambiwa. Tuanze kuandika daftari letu wenyewe, nalo liseme kweli.