Uso Ulionawiri Mpaka Jioni

Msikilizaji, kama uko ndani ya daladala, shika bomba vizuri. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo tuzungumze. Leo katika kipindi chetu cha afya ni zamu ya uso. Sizungumzii uzuri, maana huo kila mtu kapewa wake. Nazungumzia ule uso unaowafanya wenzako kazini wakuulize saa nne asubuhi, "Vipi, unaumwa?" Na wewe huumwi popote, ila ulilala saa saba usiku ukaamka saa kumi alfajiri kuwahi gari.

Tuanze na jambo lililopimwa. Mwaka 2010 watafiti wa Taasisi ya Karolinska, mjini Stockholm, Sweden, walichapisha utafiti wa picha. Waliwachukua vijana 23, wakampiga kila mmoja picha mara mbili: mara moja akiwa amepata usingizi wake kamili wa saa nane, na mara nyingine akiwa amekaa macho saa 31 mfululizo. Hakuna poda, hakuna rangi ya mdomo, umbali wa kamera uleule, na picha zote zilipigwa kati ya saa nane na saa tisa mchana. Kisha zikaonyeshwa kwa watu 65 wasiojua nani kalala na nani kakesha. Watu hao wakawaona waliokesha wamechoka, jambo ambalo halishangazi. Lakini wakawaona pia kama watu wasio na afya njema, na mvuto wao umepungua. Tofauti haikuwa kubwa, ila macho ya watu wa kawaida yaliinasa.

Mwaka 2013 ukatoka utafiti mwingine kutoka kwa watafiti wa hukohuko, safari hii ukiuliza watu hasa wanaona nini. Majibu yalikuwa haya: kope zimelegea, macho mekundu, macho yamevimba, weusi chini ya macho, ngozi imepauka, mikunjo midogo imezidi, na pembe za mdomo zimeshuka. Hesabu mwenyewe: manne ya mwanzo yote yako machoni. Na hilo la kupauka nalo usiliache lipite. Huko Sweden, kwa watu ambao tayari ni weupe, kuzidi weupe kulisomwa kuwa ni uchovu. Sisi huku tunatoa hela dukani ili tupauke!

Kwa hiyo leo nitakaa sana machoni, kwa sababu ndiko uchovu unakoonekana kwanza, na ndiko tunakokusahau tunapohangaikia mashavu.

Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ngozi nyingine yoyote ya mwili wako, haifiki hata milimita moja. Maji yakijikusanya chini yake, yanaonekana palepale. Ukiwa umesimama mchana kutwa, maji ya mwili huelemea miguuni; waulize wauza duka viatu vyao vinavyobana jioni. Ukilala, hayaelemei tena huko, sehemu yake husambaa hadi usoni. Ndiyo maana unaamka macho yamejaa, na ukishasimama, ukafagia uwanja, ukachemsha chai, uvimbe unashuka wenyewe. Kinachouzidisha ni chumvi. Jana usiku ulinyunyizia chumvi chipsi ambazo tayari zilikuwa na chumvi, au ulipika papa mkavu hukumloweka vya kutosha, basi asubuhi kioo kinakusimulia.

Dawa yake ya haraka haina gharama. Kama nyumbani una mtungi, maji yake ni baridi ya kutosha, huhitaji friji. Chukua kitambaa safi cha pamba, kichovye, kikamue mpaka kisidondoshe. Kaa umeegemea kiti, usilale, maana ukilala unayarudisha maji kulekule. Fumba macho, kiweke kitambaa juu ya kope bila kukandamiza. Kikianza kupata joto, kigeuze upande wa pili, halafu kichovye tena. Dakika kama kumi zinatosha. Baridi hubana mishipa midogo ya damu, uvimbe na wekundu vikapungua. Wenye barafu, msiiweke moja kwa moja kwenye ngozi, izungushieni kitambaa. Na wale wanaotumia pakiti za chai zilizopoa, endeleeni kama mnapenda, ila kazi kubwa pale inafanywa na ubaridi wenyewe. Ukiona kila asubuhi unaamka hivyo, ongeza mto mmoja kichwani usiku na upunguze chumvi ya chakula cha jioni.

Sasa tuje kwenye mikono. Kufikicha macho ni tabia inayoharibu uso, na sisemi hivyo kwa utani. Vumbi limeingia, unafikicha. Usingizi umekubana kwenye foleni, unafikicha. Ngozi yetu nyeusi ina sifa moja: ikisuguliwa au ikiumia kidogo, hujibu kwa kutoa rangi zaidi, na rangi hiyo hukaa miezi. Mtu anayefikicha kila siku anajichorea weusi chini ya macho kwa vidole vyake mwenyewe. Vumbi likiingia, osha kwa maji safi. Macho yakiwasha kila msimu, huo huenda ni mzio, nao una matone yake. Muulize mtaalamu, usichukue matone yaliyobaki ya jirani.

Lakini pia kuna weusi wa kurithi. Mama anao, shangazi anao, na wewe ulikuwa nao tangu shule ya msingi. Huo si uchovu. Utalala kwa muda wa saa tisa na bado utauona. Ushauri wangu ni kuuacha ulivyo, kwa sababu wengi wanaoukimbiza wanaishia kwenye mkorogo, zile krimu za kujichubua.

Na kuhusu mkorogo nitasema wazi. Ndani ya zile krimu zinazouzwa bila maelezo mara nyingi mna vitu vitatu. Kuna zebaki, ambayo hupenya ngozini na kuharibu figo. Kuna haidrokwinoni, ambayo ikitumika muda mrefu bila daktari inaweza kuacha mabaka meusi yenye ubuluu mashavuni, yaani kinyume kabisa cha ulichonunua, na mabaka hayo hayatoki kirahisi. Halafu kuna dawa za steroidi, ambazo hutibu magonjwa ya ngozi zikiandikwa na daktari, ila zikigeuzwa kuwa vipodozi huifanya ngozi iwe nyembamba hadi mishipa ionekane. Ukizipaka karibu na macho kwa muda mrefu, zinaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Hapa Tanzania vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku, na Shirika la Viwango, TBS, ndilo linalosimamia. Soma boksi. Ukiona limeandikwa clobetasol au betamethasone, hicho ni dawa, si kipodozi, hata kama kimepangwa kando ya losheni. Na aliyetumia muda mrefu asiache ghafla bila kumwona daktari wa ngozi, kwa sababu uso unaweza kuwaka moto.

Akina mama wa pwani wana lao la siku nyingi, nalo ni liwa. Kipande cha mti wa msandali kinasuguliwa juu ya jiwe kwa maji au marashi ya waridi mpaka kitoe uji laini, kisha unapakwa usoni. Ukiwa Ngazija, huko Komoro, utawakuta wanawake wako sokoni mchana kweupe wamejipaka, bila aibu, na uji huo unawapunguzia jua. Liwa inapoza ngozi, na mimi sina ugomvi nayo. Isipokuwa ikikuwasha, ioshe. Kitu cha asili nacho huweza kumkataa mtu.

Haya, sasa ni saa saba mchana, uso wa asubuhi umekwisha. Paji linang'aa mafuta, jasho limechora njia kwenye poda. Usioshe uso kwa sabuni kila mara, na hasa usitumie kile kipande cha sabuni ya kufulia. Sabuni hiyo ni kali kwa ngozi, inaacha uso umekauka na umepauka. Asubuhi na usiku kwa sabuni laini panatosha. Mchana tembea na leso safi: igandamize kwenye paji, pua na kidevu, uinue, usipanguse. Kupangusa kunasambaza mafuta na vumbi, na kunang'oa poda kwa mabaka. Na kama una chunusi zilizojipanga pembeni mwa nywele, angalia mafuta ya nywele kabla hujalaumu chakula, maana yanashuka na jasho hadi kwenye paji na kuziba vinyweleo.

Maji kunywa unaposikia kiu, na joto likizidi kunywa zaidi. Mkojo ukiwa na rangi hafifu, uko sawa. Mtu asikwambie kwamba ndoo ya maji itafuta mikunjo.

Jua nalo lina lake. Rangi yetu inatukinga kwa kiasi, lakini mabaka yakishatokea jua linayakoleza, hivyo kofia pana ni kipodozi kizuri. Kwa ndugu zetu wenye ualbino kinga ni suala la uhai. Pale Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC, hutengenezwa krimu ya kinga ya jua inayoitwa Kilisun kwa ajili yao.

Alasiri macho huanza kuwa mekundu kwa sababu ya simu na kompyuta. Mtu akikodolea kioo, hupepesa macho mara chache sana kuliko kawaida, jicho likakauka. Kila baada ya dakika 20 hivi, inua macho utazame mbali, mwembe ule au paa la jirani, upepese mara kadhaa. Na kama una nafasi ya kulala kidogo mchana, dakika 20 zinatosha. Ukipitiliza hadi saa nzima utaamka na uso mzito kuliko ulivyolala.

Kisha kuna chai na kahawa. Zinaamsha, kweli. Ila kafeini hukawia mwilini: baada ya saa tano hivi, takriban nusu yake bado imo. Kikombe cha saa kumi na mbili jioni kinakusubiri kitandani saa tano usiku, na mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi za usingizi.

Wauguzi, walinzi, waoka mikate, najua mnasema, huyu anazungumza na wanaolala usiku. Hapana. Ukitoka zamu, vaa miwani ya jua njiani, kwa sababu mwanga wa asubuhi ndio unaouambia mwili kumekucha. Nyumbani tundika kanga nzito au mbili dirishani, zima simu, na uwaambie watoto na majirani saa zako za kulala kama unavyowaambia saa zako za kazi. Hilo la mwisho ndilo gumu, maana anayelala mchana huku kwetu huonekana mvivu, na kila mgeni anaamshiwa mwenye nyumba.

Kabla sijafungua simu, kuna nyuso ambazo usingizi hautazisaidia. Umelala vya kutosha wiki nzima na bado umechoka: fungua kope ya chini mbele ya kioo, na kama ndani pamepauka badala ya kuwa pekundu, huenda damu imepungua, kapime. Mwenzako anakwambia unakoroma kisha pumzi inakatika, nenda hospitali, huko siyo kulala. Na uvimbe wa macho wa kila asubuhi usioshuka hadi mchana, hasa ukiwa na miguu iliyovimba au mkojo wenye povu, usiutibu kwa kitambaa cha maji baridi. Hiyo inaweza kuwa figo, kwa mtu mzima na kwa mtoto pia. Kipimo cha kuanzia ni mkojo kidogo tu kwenye kichupa, na vituo vingi vya afya vinacho. Nenda kesho, usisubiri mwisho wa mwezi.

Tunakwenda kwenye tangazo moja, tukirudi napokea simu zenu.