Mzazi, Unga na Milima ya Kigali

Nyamirambo, mtaa wa Kigali ambako Kiswahili hakijawahi kuwa kigeni, wanawake 18 walianzisha kituo chao mwaka 2007. Leo wageni hufundishwa hapo kupika vyakula vya Kinyarwanda. Shirika la The Women's Bakery nalo huwafundisha wanawake kuoka mkate na kuuza.

Je, vipi kuhusu mzazi anayetaka kujifunza kupika kwa raha yake tu, bila cheti wala wateja? Aanze na mwinuko. Kigali iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi joto 95 hivi, si 100 kama Mombasa. Ndiyo maana maharagwe hukaidi kuiva. Kuyaloweka usiku kucha huokoa makaa.

Unga wa ngano, kinyume chake, huumuka upesi kwa sababu kanieneo ya hewa ni ndogo. Apunguze hamira kidogo, autazame unga kuliko saa. Ukishafura hadi mara mbili ya ukubwa wake, uokwe. Ukiachwa zaidi, mkate hubonyea katikati, ingawa watoto wataumaliza vilevile kwa chai ya maziwa.