Nyundo Iliyopotea na Pete Iliyopinda



Mwaka 1992, katika kijiji cha Hoxne huko Uingereza, mkulima mmoja alipoteza nyundo shambani. Akamwita rafiki yake, Eric Lawes, aje na chombo chake, kile kinacholia kikipita juu ya chuma, fedha au dhahabu iliyofukiwa. Basi Bwana Lawes akakuta vijiko vya fedha, mikufu ya dhahabu na sarafu za Warumi! Sarafu zilikuwa karibu 15,000. Lakini hakuchimbua zote. Aliacha, akatoa taarifa, wataalamu wakachimba kwa utaratibu. Alilipwa pauni 1,750,000, akagawana na mkulima. Nyundo nayo ilipatikana, imewekwa makumbusho.

Sasa pete. Ikigongwa na jembe la trekta hupinda. Kama ni pete yako ya ndoa, mpelekee sonara. Kwanza atatoa kito, maana moto huweza kukipasua. Ataichoma pete mpaka iwe nyekundu kidogo, ataipoza, ndipo aivishe kwenye chuma cha mviringo, chembamba juu, kinene chini. Atagonga polepole kwa nyundo ya mbao. Akigonga sana bila kuilainisha kwa moto, itafanya ufa.

Lakini pete ya kale, wee, usiinyooshe! Fedha iliyokaa ardhini karne nyingi hukatika kama muhogo mkavu. Usiisugue kwa mchanga pia. Hapa Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka utoe taarifa. Mwonyeshe ofisa utamaduni jinsi ilivyo, na udongo wake, umweleze uliikuta shamba gani na kina gani.