Kiwewe Kisiwekwe Akiba: Lini Hipnosi Iguse Jeraha la Nafsi?

(Mada kwa semina ya washauri nasaha, Kakamega)

Wanasemina wenzangu, mtu anayetafuta tiba ya hipnosi ni nadra kusema amekuja kwa sababu ya kiwewe. Husema halali, kichwa kinamuuma, moyo unamwenda mbio akiwa kwenye matatu iliyojaa, au hawezi kushuka ngazi palipo na msongamano. Mshauri naye hufuata utaratibu aliofundishwa: amtulize kwanza, amzoeshe kupumua, ajenge uaminifu, na lile jambo zito lisubiri mpaka mteja awe tayari. Utaratibu huu una asili ya heshima. Pierre Janet, aliyetumia hipnosi kutibu wagonjwa wa nafsi nchini Ufaransa na kuchapisha kazi yake kubwa mwaka 1889, aligawa tiba katika hatua, na daktari wa akili Judith Herman akaupa mgawanyo huo sura mpya mwaka 1992: usalama kwanza, kisha kukumbuka na kuomboleza, kisha kurejea katika maisha na watu. Mfuatano huo siupingi. Ninachopinga ni kuinyoosha hatua ya kwanza hadi ikawa ndiyo tiba yenyewe. Mteja hufundishwa kutulia wiki baada ya wiki, nauli humwishia, naye huondoka na kiwewe chake kama alivyokuja nacho.

Hata hivyo, neno “mapema” lina maana mbili, na kuzichanganya kumeleta madhara. Jumatatu ya tarehe 3 Februari 2020, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Kakamega walikanyagana kwenye ngazi walipokuwa wakitoka darasani jioni. Wanafunzi 14 walipoteza maisha na wengine wengi wakajeruhiwa. Baada ya msiba wa aina hiyo huwapo shauku ya kuwakusanya manusura siku zile zile na kuwataka waeleze yote waliyoyaona, kwa imani kwamba jipu likitumbuliwa litapona. Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane kuhusu kikao kimoja cha namna hiyo hayakuona kwamba kinazuia maradhi ya kiwewe. Katika baadhi ya majaribio waliosimulishwa walikuwa na hali mbaya zaidi baadaye kuliko walioachwa. Shirika la Afya Duniani nalo limeshauri kisitumike kama kinga. Siku za mwanzo mtu anahitaji usalama, chakula, ndugu zake na sikio la anayetaka kusema mwenyewe. Kwa hiyo mapema ninayoitetea si ya karibu na tukio. Ni ya karibu na mwanzo wa tiba, kwa mtu ambaye miezi au miaka imepita na dalili hazijamwacha.

Ushahidi wa mapema hiyo hatuhitaji kuufuata mbali. Katika kambi ya Imvepi, kaskazini mwa Uganda, Frank Neuner na wenzake waliwatibu wakimbizi wa Sudan kwa vikao vinne tu vya kusimulia maisha yao kwa mpangilio, matukio ya kutisha yakiwamo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004: mwaka mmoja baada ya tiba, asilimia 29 ya waliosimulia bado walikuwa na maradhi ya kiwewe, ilhali waliopata ushauri wa kawaida au mafunzo matupu walikuwa karibu asilimia 80. Jirani zetu wa Bungoma, pamoja na Moshi nchini Tanzania, walishiriki utafiti wa watoto yatima 640 uliochapishwa mwaka 2020. Washauri hawakuwa madaktari bali watu wa kawaida waliopewa mafunzo. Vikao vya kikundi vilikuwa 12. Watoto walianza kwa kujifunza kutulia, na kabla programu haijafika mwisho kila mmoja alikuwa amekaa faraghani na mshauri kuzungumzia kifo cha mzazi. Mwaka mmoja baadaye faida bado ilionekana upande wa Kenya, mjini na mashambani. Upande wa Tanzania haikudumu hivyo, jambo linalotukumbusha kwamba mazingira nayo yana usemi. Katika utafiti huu wa watoto kutulizwa kulikuwapo, ila kulipimwa kwa wiki.

Hipnosi inaingia wapi? Kwa haki ya ukweli, ushahidi wake ni mwembamba zaidi. Mwaka 1989 watafiti wa Uholanzi walilinganisha tiba tatu kwa watu 112 wenye kiwewe, hipnosi ikiwa mojawapo, na zote zikawashinda waliokuwa bado wanangoja zamu. Huko Australia, mwaka 2005, Richard Bryant na wenzake walifanya jambo linalotufaa zaidi. Waliongeza hipnosi kwenye tiba ya kukabili kumbukumbu, wakamwingiza mteja katika utulivu muda mfupi kabla ya kulikabili tukio. Kumbukumbu zinazovamia zilipungua zaidi mwishoni mwa tiba, ingawa miezi sita baadaye tofauti kati ya waliopata hipnosi na waliopata tiba ile ile bila hipnosi haikuwa na uzito. Nasoma hapo kwamba hipnosi ni ngazi ya kufikia kazi. Anayeitumia kumtuliza mteja tu na kazi yenyewe asiifikie, amesimamisha ngazi asiipande.

Pingamizi la kwanza ni la huruma: je, hatutamtonesha kidonda mtu asiye na nguvu? Hofu hiyo ina msingi kwa mteja anayetaka kujiua, anayeishi bado na anayempiga, au ambaye hajitambui alipo akikumbuka. Huyo alindwe kwanza, tena kwa vitendo, si kwa pumzi pekee. Lakini kushughulikia kiwewe si lazima kusimulia kila undani. Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, manusura wa ubakaji walitibiwa kwa makundi kwa njia ya kupima fikra zao, kama vile “ni kosa langu”, bila kutakiwa kueleza tukio lenyewe. Utafiti huo wa mwaka 2013 ulionyesha nafuu kubwa, ingawa vita vilikuwa havijaisha na wengi wao hawakujua kusoma.

Pingamizi la pili ndilo zito, nami nalikubali karibu lote. Hipnosi huongeza uhakika wa mtu kuhusu anachokumbuka bila kuongeza usahihi wake. Chama cha Madaktari cha Marekani kilionya hivyo mwaka 1985, na kazi za mwanasaikolojia Elizabeth Loftus zimeonyesha jinsi kumbukumbu za utotoni zisizokuwapo zinavyoweza kupandikizwa. Mshauri anayemwambia mteja katika hipnosi “rudi nyuma utafute kilichokuumiza” anaweza kuvunja ukoo kwa jambo ambalo halikutokea. Lakini onyo hili linakataza kuchimba. Halikatazi kushughulikia kile mteja anachokijua tayari akiwa macho, na ndiyo sababu nyingine ya kuuliza mapema: historia ikichukuliwa kabla ya hipnosi, kila mmoja anajua kilichokuwapo kabla ya sauti ya mshauri.

Wapo pia watakaosema hapa kwetu hipnosi inanuka uchawi, au inafanana na ule ujanja wa matapeli wanaosemekana kuwapumbaza watu stendi na kuwapokonya simu. (Wanaofanya hipnosi jukwaani ili watu wacheke hawajatusaidia.) Jibu ni kumweleza mteja waziwazi kwamba atasikia, atakumbuka na anaweza kusimamisha kikao. Wala wazo la kulikabili jeraha si geni. Katika matanga Waluhya hawamzungukii marehemu kwa minong’ono. Hutajwa, huliliwa, na kwa Waisukha na Waidakho ngoma ya isukuti humsindikiza. Lililo geni ni kunyamaza.

Naomba basi semina hii ikubaliane kwamba swali la kiwewe liulizwe kikao cha kwanza, na kwamba kufikia cha tatu au cha nne kazi iwe imeanza, au sababu ya kuichelewesha iwe imeandikwa kwenye faili. Watoto walionusurika kwenye zile ngazi sasa ni vijana. Akija mmoja wao kulalamikia usingizi, muulizeni alikuwa wapi Jumatatu ile, na muulizeni akiwa macho.